Ndege zikifutwa, nani anatupwa baharini?

KARATU hatuna uwanja mkubwa wa ndege. Tunacho kiwanja kidogo cha Ziwa Manyara, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambacho hupokea ndege ndogo za watalii, na uwanja wa kimataifa ulio karibu nasi ni ule wa Kilimanjaro (KIA), mwendo wa takriban kilomita 200 kwa barabara. Pamoja na umbali huo, ndege zinapofutwa kwa wingi Doha, Amsterdam au Nairobi, habari huwa imekwisha fika mjini kwetu kabla ya swala ya Isha. Utaona magari ya utalii yamepangana kwenye vituo vya mafuta bila ya kupanda kuelekea lango la Lodoare. Wapishi wa hoteli wanarudishwa nyumbani. Mama anayepeleka mayai na mboga hotelini anaambiwa apumzike mpaka atakapopigiwa simu. Huu ni mji unaoishi kwa wageni wa Ngorongoro, na wengi wa wageni hao wanakuja kwa ndege.

Kwa mnasaba huo, nimeona niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa ni la wenye fedha na pasipoti, kumbe linatugusa hata sisi tusiopanda ndege. Suala lenyewe ni hili. Shirika la ndege linapofuta safari nyingi kwa mpigo, iwe kwa dhoruba, moto, mgomo, vita au kompyuta kuharibika, hulazimika kuchagua nani asafirishwe na nani aachwe. Je, yule aliyeachwa ili wengine wasafiri ana haki gani? Na mwenye kumlipa haki hiyo ni nani?

Namuomba msomaji asikimbilie kusema kuwa hiyo ni kadari, basi yamekwisha. Hapana Muislamu anayebisha kuwa mvua, upepo na majivu ya volkano ni kadari ya Allah (SW). Lakini kadari ilileta mvua. Aliyeamua kuwa ndege ya mji huu iruke na ya mji ule ibaki chini ni mtu aliyekaa ofisini mbele ya kompyuta, na uamuzi wa mtu una hukumu yake.

Ili tuelewane, tuanze na namna kazi yenyewe inavyokwenda. Mtu hudhani kuwa ndege ikifutwa walioathirika ni abiria wa ndege ile tu, na kesho yake mambo yanaendelea kama kawaida. Sivyo. Chukua mfano wa Coaster zetu za Karatu na Arusha. Gari likikatika ekseli pale Makuyuni saa mbili asubuhi, hawakwami waliomo ndani peke yao. Arusha wapo wanaolisubiri lirudi nao mchana, na huku Karatu wapo wa jioni. Ndege ni hivyo hivyo, isipokuwa mnyororo wake ni mrefu zaidi. Ndege moja inaweza kuamka Dar es Salaam, ikaenda Kilimanjaro, ikarudi Dar es Salaam, ikaenda Mwanza, kisha usiku ikalala mji mwingine kabisa. Ikikosa safari ya kwanza, zote zinazofuata zinayumba.

Kisha kuna watu. Sheria za usafiri wa anga zinaweka ukomo wa saa ambazo rubani na wahudumu wanaruhusiwa kuwa kazini kabla ya kupumzika. Rubani aliyekaa uwanjani siku nzima akisubiri mawingu yaondoke anaweza kuufikia ukomo wake kabla hajairusha ndege. Hapo ndege ipo, abiria wapo, anga limekuwa jeupe, na safari inafutwa! Ndiyo maana baada ya dhoruba ya siku moja shirika huhitaji siku kadhaa kurudi kwenye ratiba yake, kwani ndege ziko mji huu, marubani mji ule, na mizigo ya abiria imelundikana mji wa tatu.

Mfano uliotia fora ni wa shirika la Southwest la Marekani. Desemba 2022, wakati wa Krismasi, dhoruba ya baridi kali iliikumba nchi ile na mashirika yote yakayumba. Mengine yaliinuka baada ya siku mbili tatu. Southwest haikuinuka, kwa sababu programu yake ya kupanga marubani na wahudumu ilishindwa kufuatilia nani yuko wapi. Wahudumu wakawa wanapiga simu makao makuu kueleza walipo, wakisubiri saa na saa kupokelewa. Zilifutwa safari 16,900 na zaidi ya abiria milioni mbili walikwama. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2023, wizara ya uchukuzi ya nchi hiyo ililitoza shirika hilo faini ya dola milioni 140. Angalia vizuri hapo. Dhoruba ilikuwa kadari kwa wote, lakini programu chakavu ilikuwa ni hesabu ya watu walioona kuwa kuibadilisha ni gharama.

Sasa, dawa inayotumika kuinua shirika lililoanguka namna hii ni chungu, na ndipo suala letu linapozaliwa. Shirika hufuta safari nyingine zaidi, tena kwa makusudi. Southwest kwa siku kadhaa ilirusha takriban theluthi moja tu ya ratiba yake ili ipate nafasi ya kupanga upya ndege na watu. Mvua kubwa ya Dubai ya tarehe 16 Aprili 2024, ambayo ilielezwa kuwa haijapata kunyesha mfano wake kwa miaka 75, iliifanya Emirates isimamishe kwa muda kupokea abiria waanzao safari Dubai na hata wale wa kuunganisha ndege. Safari karibu 400 zilifutwa ndani ya siku tatu, na mizigo ipatayo 30,000 ikabaki nyuma. Rais wa shirika hilo, Tim Clark, aliandika barua ya wazi kuomba radhi na kukiri kuwa namna walivyowahudumia abiria haikuwa kamilifu. Wakatafuta vyumba vya hoteli 12,000 na kutoa kuponi za chakula 250,000.

Hali kadhalika Juni 23, 2025, anga la Qatar lilipofungwa ghafla kwa sababu ya makombora, ndege zaidi ya 90 za Qatar Airways zilizokuwa njiani kuelekea Doha zikalazimika kutua kwingine, na abiria zaidi ya 20,000 wakaathirika. Hilo ni moja ya mashirika yanayowaleta wageni wetu KIA.

Katika hali kama hizo, mkuu wa zamu hufanya hesabu. Nikiifuta ndege hii ya abiria 80, naipata ndege na rubani wa kuwachukua 300. Njia hii ina ndege sita kwa siku, abiria wake watajibana katika zinazofuata. Njia ile ina ndege moja tu, ikifutwa watasubiri kesho au keshokutwa. Kwa hesabu hii simlaumu. Kanuni ya fiqhi ya kubeba dhara ndogo ili kuepusha kubwa inajulikana na kila aliyesoma, na mtu mwenye akili akiwekwa kwenye kiti kile atafanya hivyo hivyo. Asiyetaka kuchagua atawakwamisha wote.

Lakini fuqahaa wetu hawakuishia kwenye kanuni hiyo. Wao walikuwa na bahari. Jahazi likipatwa na dhoruba likawa linazama kwa uzito, nahodha ana ruhusa ya kutupa shehena ili roho za watu zisalimike. Wote wanakubaliana juu ya hilo. Suala walilolijadili kwa kina ni linalofuata: jahazi likishafika salama bandarini, hasara ya aliyetupiwa marobota yake inabebwa na nani?

Wanavyuoni wa Kimaliki wakasema, inagawanywa. Wafanyabiashara wote wenye bidhaa katika jahazi lile, waliotupiwa na waliosalimika, wanachangia kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake, kwa sababu mali iliyosalimika imesalimika kwa ile iliyotupwa. Mambo haya yamo katika vitabu vyao, kikiwamo Akriyat al-Sufun, kitabu cha hukumu za kukodi vyombo vya majini kilichoandikwa miaka ipatayo 1,100 iliyopita. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa Afrika Mashariki, njia ni nyingine. Anayetupa mali ya mwenzake bila ya idhini yake anawajibika kuilipa, hata kama alilazimika, na anayemwambia mwenzake "tupa, mimi nadhamini", dhamana imemkaa. Imamu Nawawi ameyataja haya katika Minhaj. Kwa hiyo Wamaliki wanagawa, sisi tunamshika aliyetupa. Katika njia zote mbili hizo hakuna panaposemwa kuwa mwenye marobota apige moyo konde na aende zake. Ipo pia kanuni mashuhuri isemayo kwa maana yake kuwa dharura haiiangushi haki ya mtu mwingine. Mwenye njaa ya kufa akila chakula cha mwenziwe hapati dhambi, ila kwa wengi wa wanavyuoni atalipa.

Hebu basi tuichukue hukumu hii ya baharini tuipandishe angani. Abiria wa ndege iliyofutwa kwa makusudi ili kuuokoa mtandao mzima ndiye mwenye marobota yaliyotupwa. Abiria waliofika, na shirika lililookoka, ndio shehena iliyosalimika. Kulala kwake hoteli, chakula chake, nauli yake na siku yake iliyopotea si sadaka anayopewa na shirika lenye huruma. Ni deni. Nalisisitiza neno hili kwa sababu matangazo ya uwanjani huwa yanasomwa kwa sauti ya hisani, utadhani aliyekwama ndiye anayeomba.

Msomaji anaweza kuniuliza: na tiketi yenyewe hukumu yake ni ipi? Hii ni ijara, na katika fiqhi yetu ijara ina sura mbili. Ukimkodi mtu ngamia maalumu, yule pale aliyefungwa, kisha akafa njiani, mkataba umevunjika kwa sehemu ya safari iliyobaki na nauli ya sehemu hiyo inarudi. Lakini ukikodi kufikishwa, bila ya kumtaja ngamia fulani, basi ngamia akifa mwenye kukodisha analeta mwingine. Tiketi ya ndege ni ya sura hii ya pili. Hakuna anayenunua kiti katika ndege yenye namba fulani ya usajili. Tunanunua kufikishwa Mwanza. Kwa hiyo kusema "ndege imeharibika" hakumalizi mkataba. Inatakiwa ndege nyingine, hata iwe ya shirika jingine, na ikishindikana fedha inarudi. Kwa hili hata mashirika yenyewe hukubali kwa maandishi. Ugomvi huanza kwenye utekelezaji.

Ugomvi huo ulidhihiri mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, mashirika yakasimamisha safari duniani kote. Hapa kwetu serikali ilisitisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 12 Aprili na kuziruhusu tena tarehe 18 Mei. Shirikisho la mashirika ya ndege duniani, IATA, lilikadiria kuwa tiketi zilizohitaji kurudishiwa fedha zilifikia dola bilioni 35, likaziomba serikali ziruhusu mashirika kutoa vocha ya kusafiri siku za mbele badala ya fedha taslimu. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema tukilipa wote leo tutafilisika, na mkitufilisi hamtapata fedha wala ndege.

Nimeifikiria sana hoja hii na naona ina upande wa haki. Mdaiwa mwenye dhiki anapewa muda mpaka apate wepesi, hili ni agizo la Qur'an tukufu. Lakini anayetoa muda ni mdai. Mdaiwa hajipi muda mwenyewe, wala hamlazimishi mdai wake apokee ahadi nyingine mahali pa fedha. Tume ya Ulaya ilisimama hapo hapo mwezi Mei 2020, ikasema vocha iwe ni hiari ya abiria, akitaka fedha apewe fedha. Tena walikuwamo wengi waliokuwa radhi kuchukua vocha kama wangeombwa kwa adabu. Kilichowakera ni kuamuliwa.

Sheria za kilimwengu nazo zimepita njia hiyo hiyo kwa miguu yake. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama, unalibebesha shirika hasara itokanayo na ucheleweshaji, isipokuwa likithibitisha kuwa lilichukua kila hatua iliyowezekana kuizuia. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inakwenda mbele zaidi. Inatenganisha fidia na matunzo. Kwa jambo lililo nje ya uwezo wa shirika fidia inaanguka, lakini matunzo, yaani chakula na malazi, hayaanguki. Volkano ya Iceland ilipolipuka Aprili 2010 na safari kiasi cha 100,000 kufutwa, shirika la Ryanair lilikataa kumlipa abiria mmoja wa kike gharama za siku alizokwama Ureno, likidai kuwa msiba ule ulipita mipaka ya kila kanuni. Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua Januari 2013 kuwa hakuna msiba mkubwa kiasi cha kuifuta haki ya matunzo, na kwamba kadiri msiba unavyokuwa mkubwa ndivyo abiria anavyozidi kuwa mhitaji. Sioni tofauti kubwa baina ya uamuzi huo na walichokisema fuqahaa juu ya marobota.

Kwetu yapo yaliyotokea ambayo hayakuwa volkano. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) iliiondolea ATCL cheti cha kuendesha ndege, ikarudi angani mwezi uliofuata. Desemba 2018 mamlaka hiyo ilitoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni Fastjet Tanzania, na watu waliokwisha lipia safari za sikukuu wakabaki na tiketi mkononi. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways walifanya mgomo, pamoja na mengine wakidai michango ya mfuko wao wa akiba, na abiria wapatao 10,000 wakakwama mara ulipoanza. Mwaka huo huo Air Tanzania ililazimika kuziegesha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa matatizo ya injini yaliyotoka kiwandani, ambayo yaliyapata na mashirika mengine duniani. Haya si ya daraja moja. Injini yenye kasoro ya kiwandani si sawa na deni lisilolipwa, na mgomo si sawa na mvua. Lakini aliyekaa KIA na sanduku lake anapata hasara ile ile, na huyo Tanzania analo Baraza la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC, la kupelekea malalamiko. Sina hakika kama mmoja kati ya wasomaji kumi wa ukurasa huu amepata kulisikia.

Kuna jambo dogo nisilolipenda niliseme hapa. Wakati wa kupanga upya, foleni ya viti katika mashirika mengi hupangwa na kompyuta kwa daraja la tiketi na kadi ya uanachama. Aliyelipa zaidi anatangulia. Nabii Yunus (AS) alipokuwa katika jahazi lililoelemewa, watu wale walipiga kura. Wanavyuoni wanasema mtu hatupwi baharini hata kwa kura, na sisemi viti vya ndege vigawanywe kwa kura. Ninachosema ni kuwa hata watu wale waliona kuwa kwenye shida ya wote mfuko wa mtu usiwe ndio kipimo. Mgonjwa anayekwenda kutibiwa Muhimbili, mwenye kwenda kuzika, mama mwenye mtoto mchanga, hawa wana haja ambayo kadi ya dhahabu haina. Wafanyakazi wa uwanjani wenye utu huwa wanaliona hilo na kulifanyia kazi kimya kimya, kinyume cha kompyuta yao. Allah awalipe kheri.

Sasa turudi Karatu, kwa sababu mnyororo haukatiki pale abiria anapopata hoteli.

Volkano ile ya 2010 ilipofunga anga la Ulaya, mashamba ya maua ya Naivasha nchini Kenya yalitupa mawaridi yaliyokosa ndege, na maelfu ya vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani. Vibarua hao hawakuwa na tiketi. Hakuna kanuni namba 261 iliyowataja. Utalii wetu ni maua ya namna hiyo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230, na mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Karatu ilizisoma takwimu hizo kwenye mabenchi ya madereva na kwenye karo za watoto, na mimi mwalimu nilizisoma kwenye mahudhurio ya darasani.

Dereva mmoja, baba wa mwanafunzi wangu, alinieleza mkasa wake wa wakati mwingine, baada ya korona. Alitumwa KIA kupokea wageni sita wa siku tano: Manyara, Ngorongoro, Serengeti. Ndege zikafutwa. Akaambiwa asubiri, akasubiri siku mbili, usiku analala ndani ya gari. Siku ya tatu wageni wakaamua kwenda moja kwa moja Zanzibar, safari ya mbuga ikafa. Nilimuuliza hasara ilikwendaje. Akanihesabia kwa vidole. Wageni walilazwa hoteli na shirika la ndege, na juu ya hayo walikuwa na bima. Kampuni ya utalii ilibaki na malipo ya awali, kwa mujibu wa mkataba wake na wageni. Hoteli ilichukua asilimia yake ya kufutwa, kwa mujibu wa mkataba wake na kampuni.

"Na wewe kaka?" nikamuuliza.

"Mimi Ustadh nalipwa kwa siku ya safari. Wakaniambia safari haikuanza."

Kila mmoja katika mnyororo ule alikuwa na karatasi yake, ila yeye. Shirika la ndege liliwatupa wageni ili liuokoe mtandao, ikawa haki kuwalipa na likawalipa. Wageni, kampuni na hoteli wote wakafika bandarini na sehemu ya mali zao. Marobota yaliyobaki majini yalikuwa ya dereva peke yake, na hakuna hata aliyejua kuwa yametupwa.

Ukilitazama kwa fiqhi, jambo lake ni jepesi kuliko la abiria. Mwajiriwa wa muda, ambaye wanavyuoni humwita ajiri khasi, anastahiki ujira wake kwa kujisalimisha kazini katika muda aliokodiwa, hata kama bosi wake hakumpa la kufanya. Dereva aliyelala KIA ndani ya gari la kampuni, simu mkononi, amejisalimisha kuliko hivyo vipi? Siku ile ya kwanza na ya pili ni zake. Siku tatu za mbuga ambazo hazikuwapo tunaweza kujadiliana, maana hapo alirudi kwao na angeweza kutafuta kazi nyingine. Bahshishi aliyoikosa kwa wageni, hiyo kweli ni riziki ambayo haikuandikwa.

Baada ya swala ya Ijumaa nililizungumza hili na Alhaji mmoja mwenye magari matano ya utalii, mtu mwema, ambaye si yule aliyemwajiri dereva wetu. Alinipinga kwa nguvu.

"Ustadh, wewe unaona malipo ya awali niliyobaki nayo. Huoni kuwa nimekwisha kulipia vibali na mafuta. Gari kuingia kreta peke yake ni dola 295, bado vichwa vya wageni. Unataka nitoe wapi?"

Nikamwambia sitaki atoe asichonacho. Wamaliki hawakusema mwenye jahazi alipe yote. Wamesema igawanywe kwa kadiri ya kilichosalimika. Apige hesabu ya malipo yale ya awali, aondoe gharama ambazo haziwezi kurudi, kinachobaki ndiyo shehena iliyookoka, na dereva na mpishi wana fungu ndani yake. Na kama hakuna kilichobaki, basi ujira wa siku za kusubiri unabaki kuwa deni la kazi kama deni la mafuta, kwa sababu muuza mafuta hakuambiwa kuwa safari haikuanza.

Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema walimu wa dini mnajua hesabu za watu. Kisha tukaingia kwenye maneno ya kuandika. Nilimpendekezea iwepo sentensi moja katika makubaliano yake na madereva, kwamba siku ya kusubiri wageni uwanjani ni siku ya kazi, ina chakula, malazi na ujira. Chakula na malazi aliyakubali palepale, akasema hata huyo aliyemlaza mtu ndani ya gari alikosea. Kwenye ujira alitaka iwe theluthi, mimi nikashikilia nusu kwa kuanzia, na dereva mwingine aliyekuwa akivaa viatu vyake mlangoni akatusikia, akasema yeye anataka yote, kwani siku ni siku. Tuliachana bila ya kukubaliana kiwango. Alhaji ameahidi kukaa na mshirika wake kabla ya msimu wa Juni kuanza, na dereva yule ameniomba niwepo.